Mwalimu kaja na disketi

Mwalimu alitoa mfuko wa rambo kwenye koti lake, ile mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku tangu Juni 2019, akaufungua taratibu kama anayefungua udi. Ndani mlikuwa na mfuko mwingine wa rambo. Ndani ya huo wa pili mlikuwa na disketi. Nyeusi, ya inchi tatu na nusu, kibati chake kimefifia, na juu yake lebo iliyoandikwa kwa wino wa bluu: UKOO, 2002, USIFUTE.

Mwandiko ulikuwa wangu.

"Kazi yako hiyo, mwanangu," akasema. "Nataka uniprintie nakala tatu, uzibaindi kabisa."

Hapo nilikuwa bado sijamaliza kumwamkia. Mtu sijamtia machoni zaidi ya miaka kumi, kaingia steshenari kwangu Magomeni saa nne asubuhi na mvua za vuli zinanyesha, kapanda daladala mbili kutoka Mabwepande, na anaongea kama vile kazi niliichapa juzi. Nikampa kiti, nikatuma chai.

Mtoto wa kaka yangu, anayenisaidia dukani huku akisubiri chuo, aliichukua ile disketi, akaigeuza, akavuta kibati na kukiachia. Kikarudi chenyewe, tak. Akavuta tena. Tak. Ndipo akaniinamia sikioni: "Shangazi, hivi kuna watu bado wanatumia hivi vitu?"

Nilimwambia aache kuchezea mali ya watu. Ila swali lake lilinikaa, na nimeona niliandikie hapa, kwa sababu nilidhani jibu lake nalijua, kumbe silijui.

Wasioikuta hii kitu niwaeleze kidogo. Mwaka 1999 niliajiriwa kuchapa kwenye ofisi moja ya katikati ya mji, tuko mabinti wanne na kompyuta tatu. Wateja walikuwa wanafunzi wa Mlimani wenye tasnifu, mawakili wadogo, makanisa, vyama vya kuzikana. Hakuna aliyekuwa na kompyuta nyumbani. Mtu alikuwa na disketi, chombo cha kutunzia kazi zake za kompyuta. Analeta disketi yake, unamchapia, unamsevia, anaondoka nayo kwenye mfuko wa shati, akirudi wiki ijayo kusahihisha anakuja nayo. Ilikuwa na megabaiti 1.44 basi. Picha moja tu ya simu yako ya leo haiingii humo. Lakini maneno ni vitu vyepesi. Kitabu kizima cha maneno matupu kiliingia na nafasi ikabaki.

Na ziliharibika, jamani! Mtu anaiacha juu ya spika ya redio, sumaku inafuta kila kitu. Anaiweka kwenye dashibodi ya gari juani, inapinda kama chapati. Mmoja aliitoboa kwa mashine ya kutoboa karatasi ili aifunge kwenye faili pamoja na risiti zake. Virusi ndiyo usiseme, disketi moja ikitoka ofisi hii kwenda ile inatembea nao kama mbu na malaria. Tulijifunza adabu moja: kazi ikiisha, unasukuma kile kijidirisha kidogo cha kona ya disketi kikabaki wazi. Kikiwa wazi, kompyuta inaweza kusoma lakini haiwezi kuandika wala kufuta. Mimi nilikuwa nasukuma kwa ncha ya kalamu. Kikumbukeni hicho kijidirisha, tutarudi kwake.

Mwalimu alikuwa mteja wangu wa kudumu. Alistaafu, akaanza kuandika habari za ukoo wao tangu babu zake walipotoka Kisarawe wakaja mjini kubeba mizigo bandarini. Alikuwa akija na madaftari ya kaunta buku, ananisomea, mimi nachapa. Tulitumia miezi. Kurasa arobaini na tatu. Nilimprintia nakala moja, nikampa na disketi, tukaagana.

Ile nakala ya karatasi ilikwenda na maji. Mwalimu alikuwa akikaa bondeni Jangwani, na mafuriko ya Desemba 2011 hayakumbakizia kitu zaidi ya nguo aliyovaa na redio. Mwaka uliofuata akawa miongoni mwa waliohamishiwa Mabwepande. Madaftari, vyeti, picha ya ndoa, vyote vilikwenda na maji. Disketi ilinusurika kwa sababu aliwahi kumpa dada yake wa Temeke amtunzie, na yule dada akaitia kwenye kopo la biskuti pamoja na vifungo na sindano. Dada amefariki mwaka huu. Wanawe wanagawana vyombo, wakalikuta kopo.

Sasa niambieni ningemwambiaje kwamba kompyuta zangu hazina hata mahali pa kuichomeka?

Nilimwambia hivyo hivyo. Akatazama zile kompyuta mbili, akatazama disketi. "Mbona vingine unavyo?" akauliza, akinyooshea kidole droo yangu ya chini.

Kweli, droo hiyo ni makumbusho. Naweka visoma CD vya nje viwili, nyaya za kuchomoa picha kwenye kamera za zamani, kisoma memori kadi cha matundu matano. Na vinafanya kazi. Kwa mwezi sikosi watu kumi na tano wanaoleta DVD za harusi. Harusi ya mwaka 2008, DVD tatu: kicheni pati, sendofu, na siku yenyewe. Deki imekufa, laptopu mpya ya mtoto haina pa kutia sahani, mama anataka kuwaonyesha wajukuu alivyopendeza. Namhamishia kwenye flashi. Zikiwa zimetunzwa kwenye jalada lake zinafunguka. Zikiwa zimelala juu ya kabati kwenye joto letu hili la bahari, ule utando wa ndani unaharibika, na hapo hata uje na nini.

Wapo pia wanaokuja na CD za vipimo. Umepigwa CT scan huku, unatakiwa uende kwa daktari bingwa kule, unapewa CD mkononi. Wiki iliyopita kijana kakimbia kutoka hospitali (siitaji) kwa sababu daktari aliyekuwa aitazame hiyo CD kompyuta yake haina pa kuisoma, akaambiwa akaiweke kwenye flashi. Mtu ana mgonjwa anasubiri kwenye benchi, anakimbizana na CD Magomeni.

Flashi nazo nitazisema nini? Bajaji zote zinazopita mbele ya duka langu zinaimba kwa flashi. Vijana wananilipa kuwajazia nyimbo, taarabu upande huu, singeli upande ule, kaswida kwa ajili ya Ijumaa. Hicho ndicho chombo kinachoishi mjini kwa sasa, naamini kitatuzika baadhi yetu. Ila kuna flashi za uongo. Nilinunua moja imeandikwa gigabaiti 64, kumbe ndani ni 8. Imepangwa kuidanganya kompyuta. Unakopi, inakubali, inakubali, inakubali, inaonyesha majina yote ya mafaili. Ukifungua, yaliyozidi ni hewa. Nilimpoteza nayo mteja mmoja na video yake ya maulidi. Muuzaji simtaji, na nilipomrudia alinitazama kama mimi ndiye mwongo. Tangu siku hiyo flashi mpya naijaza hadi pomoni kwanza, kisha nafungua faili la mwisho. Likicheza, ndiyo naiamini.

Lakini kisoma disketi sikuwa nacho. Nilikuwa nacho, nilikitupa mwaka 2013 au 2014 nilipohama chumba, pamoja na boksi la disketi tupu. Sikujua kwamba Sony walishaacha kuziuza kwao Japani tangu Machi 2011, kwamba zile nilizotupa hazitazaliwa nyingine. Ningejua ningekaa nazo? Sidhani. Nani anaweka takataka kwa ajili ya mtu ambaye hajui kama atakuja?

Tukakubaliana twende Kariakoo. Duka nikamwachia jirani, kwa sababu yule kijana alikataa kubaki. Alitaka kuona mwisho wake.

Kwenye mwendokasi kutoka Mapipa tulipata kiti kimoja, Mwalimu akakaa, sisi tumeshika bomba. Kijana ameshaingia kwenye simu anatusomea. Kumbe huko duniani mambo ni hayo hayo. Japani, Wajapani hawa hawa wenye treni za mwendo wa risasi, sheria zao zilikuwa zinataka mtu apeleke baadhi ya fomu serikalini kwa disketi. Waziri wao wa digitali wa wakati ule, Taro Kono, akazitangazia vita mwaka 2022. Kanuni zenyewe zilizozitaja disketi na vyombo vya namna hiyo zilizidi elfu moja, na walimaliza kuzifuta Juni 2024. Jeshi la Marekani lilikuwa likitumia disketi za inchi nane, zile kubwa kama sahani ya pilau, kwenye mitambo ya kuongozea silaha za nyuklia, hadi mwaka 2019. Treni za mji wa San Francisco zinaongozwa na mfumo wa mwaka 1998 ambao unapakiwa kila asubuhi kwa disketi. Zipo ndege za Boeing 747 ambazo ramani zao za angani zinabadilishwa kila siku ishirini na nane, na fundi anapanda na disketi mkononi.

"Ndege?" Mwalimu akauliza.

"Ndege, babu."

"Na wewe unanicheka."

Kijana akanyamaza, kisha akaleta nyingine ya kujitetea: kumbe hata kanda haijafa. Ile kanda ya sumaku kama ya kaseti, ndiyo inayotunza kumbukumbu za taasisi kubwa za utafiti, na toleo lililotoka mwaka 2021 linabeba terabaiti 18 kwenye kikaseti kimoja kinachoenea kiganjani. Mwalimu hakumsikia. Basi lilikuwa linavuka Jangwani, na yeye alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kioo. Nilijua anatafuta pale palipokuwa na nyumba. Hapana kitu cha kuonekana pale siku hizi, majani na maji ya kahawia. Hakuongea mpaka tukashuka.

Kariakoo ni soko ambalo ukikosa kitu unadhani wewe ndiye hukuuliza vizuri. Tulianza kwenye maduka ya kompyuta mtaa wa Aggrey. La kwanza, msichana akasema "hatuna" kabla sijamaliza sentensi. La pili, kijana akatuonyesha kisoma memori kadi. La tatu walikuwa waungwana, wakasema vipo visoma disketi vya kuchomeka kwa waya wa USB, wanaweza kutuagizia kutoka China, tusubiri wiki tatu au nne. Mwalimu akasema yeye amesubiri tangu 2011, lakini dada yake hakusubiri. Sikujua nijibu nini.

Ni mpakia mizigo mmoja aliyekuwa amesimama na toroli lake ndiye aliyetuokoa. Alikuwa akisikiliza, akachungulia kile nilichoshika. "Mama, hizo wanazo wadarizi. Ghorofani kule. Nawapelekea uzi kila siku, nawaona wanazitumia."

Basi tukapanda ngazi, ghorofa ya tatu, lifti haipo. Unaisikia kazi kabla hujaiona. Chumba kina mashine nne za kudarizi, kila moja na vichwa sita, sindano zinashuka kwa pamoja kama mvua juu ya bati. Wanadarizi nembo za shule kwenye sweta. Shule zinafungua Januari, kazi imewabana. Sakafu nzima ni vijiuzi.

Na pale, kwenye ubavu wa mashine ya kwanza, chini ya vitufe vilivyofutika maandishi, pana mdomo wa disketi. Na disketi imo. Kitaa chake cha kijani kinawaka.

Nilijisikia kama mtu aliyekutana na mwanafunzi mwenzake wa darasa la nne.

Fundi mwenyewe ni mtu wa makamo, miwani juu ya kipara. Tukasalimiana, nikamweleza shida. Hakucheka. Alifuta mikono, akamwamkia Mwalimu, akamtolea kiti, halafu akaanza kutueleza mashine yake kama mtu anayemweleza mgeni kuhusu mwanawe. Alizinunua zikiwa zimetumika, za Kijapani, zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Chuma kitupu. Akibadilisha sindano na kutia mafuta, zinakwenda. Nembo ya shule yenye mishono elfu kumi, kila mshono unachukua baiti tatu tu, kwa hiyo nembo nzima haifiki hata kilobaiti hamsini. Disketi moja inabeba nembo za shule arobaini.

"Sasa dada," akaniambia, "niitupe mashine inayonilishia watoto kwa sababu mdomo wake umezeeka?"

Hapo ndipo nilipomgeukia yule kijana wangu nikamtazama tu. Wanaotumia disketi ndio hao. Hakuna aliyekaa akaipenda disketi. Wana mashine nzima nyuma yake yenye thamani ya nyumba, na disketi ni mlango wake tu. Na mimi nilikuwa na maneno tu nyuma ya disketi yangu, ndiyo maana niliweza kuutupa mlango bila kufikiri.

Shida yake fundi ni disketi zenyewe. Mpya hakuna, hata zinazouzwa kama mpya ni za stoo ya zamani. Anazo sitini na kitu kwenye kopo la maziwa ya unga, na kati yake ametia vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Anaokota kwa wauza viatu wa chini. Mashine yake ya nne ndiyo iliyonifurahisha kupita zote. Mdomo wake ulikufa kabisa, hivyo pale pale mdomo ulipokuwa amefunga kisanduku chenye umbo lile lile, ila mbele kina tundu la flashi na vinamba vyekundu, 00 hadi 99. Unachomeka flashi ya gigabaiti 8. Kisanduku kinaigawa katika vipande mia moja, kila kipande megabaiti 1.44, na kuiambia mashine: hii ni disketi. Ukibonyeza namba, umebadilisha disketi. Nafasi yote iliyobaki ya flashi inakaa bure, maana mashine haijui kwamba dunia ina kitu kikubwa kuliko disketi. Inadarizi kwa amani.

"Mbona usifunge hivyo kwenye zote?" kijana akauliza.

"Hii inafanya kazi," fundi akasema, akipiga ubavu wa ile mashine ya kwanza kwa kiganja. Mjadala ukaisha.

Mashine ya kudarizi haisomi barua, inasoma mishono. Lakini fundi ana kompyuta ya kuandalia michoro, ya rangi ya maziwa iliyogeuka ya siagi, ina Windows XP na ina kisoma disketi. Msaidizi wake, kijana wa miaka kama ishirini, akaichukua disketi ya Mwalimu akaitia kabla bosi wake hajaishika.

Krrr. Krrr. Krrrrr. Sauti ile! Nywele zilinisimama, maana masikio yangu yanaijua: hiyo ni sauti ya kutafuta bila kupata.

Kompyuta ikaleta ujumbe kwamba disketi haijafomatiwa, je, unataka kuifomati sasa? Na yule kijana, kwa mazoea ya mtu ambaye kila siku anafuta nembo za shule zilizopita, akabonyeza ndiyo. Likaja dirisha jingine, akabonyeza. Likaja onyo, akabonyeza na hilo. Mimi nilikuwa nyuma yake nimeshika kichwa. Sauti haikutoka. Fundi ametoa macho. Mwalimu amekaa kwenye kiti chake anakunywa soda, hajui kwamba ukoo mzima unachinjwa hapo mbele yake.

Kompyuta ikakataa. Disketi imezuiwa kuandikwa.

Kile kijidirisha. Nilikisukuma mwenyewe kwa ncha ya kalamu mwaka 2002, nina miaka ishirini na mitano, pengine nikiwaza daladala ya kurudi nyumbani.

Fundi alimwondoa msaidizi kwenye kiti kwa upole wenye sumu, akakaa yeye. Akaitoa disketi, akavuta kibati, akaielekeza dirishani kwenye mwanga. Ndani, ile filamu ya kahawia iliyopakwa unga wa sumaku, ilikuwa na madoa meupe kama chumvi. Ukungu. Miaka yote hiyo kwenye kopo, na unyevu wa Temeke, unategemea nini? Alinieleza kwamba ukiisomesha hivyo, ukungu unaingia kwenye kichwa cha kusomea, kichwa kinaanza kukwangua, unapoteza disketi na kisoma vyote viwili. Akachukua pamba za masikio na spiriti. Akawa anafuta kidogo, anazungusha kile kiduara cha chuma cha katikati kwa kidole, anafuta kingine, upande huu na upande ule. Alitumia nusu saa nzima, mashine zake zinadunda, wateja wanapiga simu, na yeye anafuta disketi ya mtu asiyemjua. Sijaona mtu akiosha maiti kwa makini kuliko yule bwana alivyoosha ile disketi.

Akaitia. Krrr. Akaitoa. Akafungua droo, akatoa kisoma kingine, akafungua kompyuta ubavu, akabadilisha. "Disketi inazoea mashine iliyoiandika," akasema. "Kichwa kikiwa kimesogea kidogo tu, haisomi. Kingine kinaweza kuwa kimesogea upande inaoutaka." Akaitia tena.

Tik, tik, tik, zzz. Hiyo sasa ndiyo sauti yenyewe.

UKOO1, UKOO2, UKOO3, UKOO4, UKOO5. Mafaili matano, tarehe ya Agosti 2002. Akayakopi moja moja kwenye flashi yangu, ile niliyoijaza hadi pomoni kuijaribu. La kwanza likapita, la pili, la tatu. La nne likakwama katikati, krrr ile ile, akajaribu mara sita, akaosha tena, akajaribu kisoma cha tatu. Likagoma. La tano likapita.

Nikaenda kumwambia Mwalimu, nimejiandaa na maneno ya pole. Akauliza la nne lilikuwa la nini. Nikafungua la tatu na la tano, tukasoma mwanzo na mwisho, tukapata: la nne lilikuwa habari za upande wa wakwe zake.

Mwalimu akakaa kimya kidogo. "Wale," akasema. "Basi hasara si kubwa." Akacheka mpaka soda ikampalia, na fundi akacheka, na mimi nikacheka huku natokwa machozi, sijui ya nini.

Fundi alikataa fedha. Nilimwachia za soda kwa lazima, na nimempa ahadi ya kumprintia bure lebo za wateja mwezi mzima. Nimeshamprintia.

Jioni ile Mwalimu alikaa dukani hadi magharibi. Nilifungua ukurasa mtupu, nikaandika UKOO4, akaanza kunisomea wakwe zake kutoka kichwani, jina moja baada ya jingine, nani alimwoa nani huko Mzenga, nani aligombana na nani kwa sababu ya minazi. Anakwama, anarudi nyuma, anasema "hapana, futa, huyo alikuwa mdogo mtu." Kurasa sita. Za mwaka 2002 zilikuwa tisa. Sahihisho langu moja: katika UKOO2 nilikuta nimeandika "bandarani" mara nne, na miaka yote hiyo hakuna aliyegundua.

Nilimfungia nakala tatu. Nikamwekea na kwenye flashi mbili, moja yake, moja ya mwanawe wa Mbagala. Nikampelekea na mjukuu wake kwa WhatsApp, kwenye simu. Nikamweleza yote hayo, kwamba sasa kitabu kipo mahali sita, hata maji yaje vipi hakipotei chote.

Akaitikia kila kitu. Akavaa koti, akakunja mifuko yake miwili ya rambo akaitia mfukoni. Amefika mlangoni, akageuka.

"Na kwenye disketi mwanangu, hutanitilia?"